Upasuaji wa mgongo: nani anauhitaji, na nani anaweza kusubiri

Familia nyingi zikisikia habari ya kupasuliwa mgongo huwa na jibu tayari: "Akipasuliwa atapooza." Kwa sababu ya jibu hilo, wapo wagonjwa waliorudishwa nyumbani wakiwa bado wanatembea kwa kujikongoja, wakaletwa tena hospitali miezi kadhaa baadaye wamebebwa. Wakati huohuo kuna wengine, hasa mijini, wanaoutafuta upasuaji kwa udi na uvumba kwa sababu majibu ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, yameandika kwamba diski imetoka, ilhali maumivu yao yangetulia bila kisu. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Tunauzungumzia upasuaji wa mgongo kana kwamba ni kitu kimoja.

Mgongo wa binadamu una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifuani zinazoshika mbavu, 5 za kiunoni, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na kwa kawaida 4 ndogo za kifandugu. Mbele ya pingili kuna gimba nene linalobeba uzito wa mwili, na kati ya gimba na gimba kuna diski, yaani ute mzito uliozungukwa na nyuzi ngumu. Nyuma kuna pete ya mfupa. Pete hizo zikipangana hufanya mfereji, na ndani ya mfereji ndimo unamopita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo. Ugwe huo una unene unaokaribia ule wa kidole kidogo cha mkono, na huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kushuka chini kuna fungu la neva tu, nazo huvumilia kubanwa kuliko ugwe wenyewe. Ndiyo maana diski iliyotoka chini kiunoni mara nyingi huleta maumivu ya mguu mmoja, lakini usaha uliojikusanya usawa wa kifua unaweza kulegeza miguu yote miwili na kuvuruga mkojo.

Daktari wa mgongo anaposhika kisu ana kazi tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kuondoa kinachobana ugwe au neva: kipande cha diski, usaha, mfupa uliovunjika, uvimbe. Ya pili ni kuimarisha pingili zilizolegea ili zisiteleze wala kuporomoka. Ya tatu ni kunyoosha mgongo uliopinda. Uzito wa kazi hizi haulingani hata kidogo. Kutoa kipande cha diski kunaweza kuchukua saa moja, na mgonjwa akasimama siku hiyohiyo au kesho yake. Kunyoosha kibyongo kikali kunaweza kuchukua siku nzima, kukahitaji chupa kadhaa za damu na kitanda katika chumba cha uangalizi maalumu. Anayekuambia kwamba jirani yake alipasuliwa mgongo bado hajakuambia kitu, mpaka ujue alifanyiwa kazi ipi kati ya hizo, na kwa ugonjwa gani.

Ugonjwa unaozionyesha kazi zote tatu ni kifua kikuu cha mgongo, na nitakaa nao kidogo kwa sababu ni wetu, unatibika, na bado unawapinda watoto wetu.

Wengi wanaijua TB kwa kikohozi. Lakini vimelea vyake, ambavyo Robert Koch alivitambua mwaka 1882, husafiri pia kwa njia ya damu, na vikiingia kwenye mifupa hupenda mgongo kuliko mahali pengine: takriban nusu ya TB zote za mifupa na viungo hukaa hapo. Huanzia kwa kawaida upande wa mbele wa pingili, karibu na diski, na kuzila pingili mbili zinazopakana. Gimba likiliwa kwa mbele huku pete ya nyuma ikibaki nzima, pingili hubonyea na mgongo huinama mahali pamoja. Ukipitisha kidole kwenye mgongo wa mgonjwa, unakuta mfupa mmoja umechomoza. Hivyo ndivyo kibyongo kinavyoanza, kile ambacho bado kuna watu wanakiita kulogwa, au wanamlaumu dada wa kazi kwamba alimwangusha mtoto.

Ugonjwa huu huenda polepole. Maumivu ya mgongo yasiyoisha hata usiku, jasho, kupungua uzito, mtoto anayeokota kitu sakafuni kwa kuchuchumaa bila kukunja mgongo hata kidogo: dalili hizi zinaweza kuchukua miezi kabla mtu hajazipa uzito. Mara nyingine usaha huteremka kwa kufuata msuli mkubwa wa kiuno hadi kwenye kinena, na mgonjwa akaenda zahanati akidhani ana jipu la kawaida au ngiri. Jipu hilo halina joto wala wekundu. Kulipasua na kulifunga bandeji tu ni kuacha chanzo chake kikiendelea kula mfupa huko juu.

Ni ugonjwa wa zamani mno. Maiti ya kuhani wa Misri ya kale aitwaye Nesperehan, iliyohifadhiwa kwa karibu miaka 3,000, ina kibyongo na alama ya jipu la aina hiyohiyo kwenye msuli wa kiuno. Mwaka 1779 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwa makini jinsi kupinda kwa mgongo kunavyofuatana na kulegea kwa miguu, na mpaka leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Alichokosa ni dawa. Kwa zaidi ya karne moja tiba ilikuwa kulala kitandani miezi na miaka, kwa matumaini kwamba pingili zitashikana zenyewe.

Mwaka 1911, jijini New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza njia ya kuzilazimisha pingili zishikane. Hibbs alivunjavunja na kukunja vipande vya mfupa vya nyuma ya pingili ili viote pamoja. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa na kukipandikiza mgongoni. Upasuaji wa kuunganisha pingili, ambao leo hutumika kwa mgongo uliopinda, uliovunjika na ulioteleza, ulizaliwa kwa ajili ya TB. Kisha, katika miaka ya 1950, Arthur Hodgson na Francis Stock wakiwa Hong Kong walithubutu kuingia kwa mbele, kupitia kifuani au tumboni, wakasafisha mfupa uliooza na kuweka kipande cha mfupa mzima mahali pake. Mantiki yao ni rahisi kuielewa: ugonjwa uko mbele, basi ufuatwe huko mbele.

Hapo ingeonekana kisu kimeshinda. Lakini dawa nazo zilikuwa zimefika, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaanza kuzilinganisha tiba hizi huko Korea, Hong Kong na Bulawayo, Zimbabwe ya leo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Wagonjwa waliomeza dawa wakiwa wanatembea na kuishi nyumbani walipona kwa kiasi kilekile cha waliolazwa kitandani au kuvishwa plasta. Kusafisha usaha kwa kisu, bila kupandikiza mfupa, hakukuongeza faida ya maana kwa mgonjwa asiye na tatizo la neva. Upasuaji wa Hong Kong ulikuwa na ubora wake mmoja: katika miaka iliyofuata mgongo haukupinda sana kama wa waliotibiwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo leo mgonjwa wa TB ya mgongo hutibiwa kwanza kwa vidonge. Ni dawa zilezile nne za TB ya mapafu, ambazo Tanzania na Kenya hutolewa bure katika vituo vya serikali, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa kawaida miezi 9 hadi 12. Kisu huitwa kwa sababu maalumu. Miguu inazidi kulegea, au ilishalegea. Pingili zimeliwa kiasi kwamba mgongo hauwezi kusimama. Jipu ni kubwa na linabana ugwe. Dawa zimetumika ipasavyo na hali haibadiliki, hivyo inabidi kuchukua nyama ya mahali penyewe na kupima kama ni TB sugu au ni saratani. Au kibyongo kimeshakuwa kikali. Na hata aliyepasuliwa humalizia dawa zake mpaka kidonge cha mwisho, kwa sababu daktari ametoa usaha na mfupa mbovu, hakuvitoa vimelea vyote mwilini.

Kwa watoto hesabu ni nyingine. Mtu mzima akishapona, kibyongo chake kwa kawaida hubaki pale kilipofika. Mtoto bado anakua, na pande mbili za mgongo wake hazikui sawa. Daktari S. Rajasekaran wa Coimbatore, India, aliwafuatilia watoto 60 na ushei kwa miaka 15, na mwaka 2001 akaeleza alichokiona: karibu wanne kati ya kila 10 waliendelea kupinda baada ya TB kupona kabisa, huku kundi kubwa lingine likinyooka lenyewe. Alionyesha pia alama kwenye picha za eksirei zinazomtambulisha mapema mtoto atakayepinda zaidi. Somo hili lina uzito mkubwa kwetu. Mtoto anapomaliza dawa na kadi yake kuandikwa "amepona", bado anahitaji kupigwa eksirei kila baada ya muda mpaka amalize kukua. Akiachwa, huenda akiwa mtu mzima, miaka mingi baada ya TB kusahaulika, ugwe wake uliojinyonga juu ya ukingo wa mfupa ukaanza kushindwa. Kupooza kwa namna hiyo ni kugumu kukitibu kuliko kule kwa mwanzo, na upasuaji wake una hatari kubwa zaidi.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, amelazwa kifudifudi juu ya mito inayoliacha tumbo likining'inia, kwa sababu tumbo likibanwa mishipa ya mgongoni hujaa damu na jeraha huvuja zaidi. Ngozi hupasuliwa katikati, misuli husukumwa pembeni mpaka mfupa uonekane. Kila pingili ina nguzo mbili fupi za mfupa zinazounganisha pete ya nyuma na gimba la mbele, na upana wake katika sehemu ya kifua unaweza kuwa milimita chache tu. Ndimo skrubu zinamopitishwa. Ikienda ndani kupita kiasi inagusa ugwe; ikienda mbele kupita kiasi inakaribia mshipa mkubwa wa damu. Skrubu zikishakaa, fimbo mbili za titani huwekwa, moja kila upande, na kufungwa, na hapo ndipo mgongo unaposhikwa na kunyooshwa taratibu.

Daktari anajuaje kwamba hajaujeruhi ugwe wakati mgonjwa amelala? Penye mashine, waya hupeleka umeme mdogo kutoka kichwani hadi miguuni muda wote, na ishara ikipungua kila mtu husimama. Pasipo na mashine kuna njia iliyoelezwa na madaktari wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1973, ambayo bado inaokoa watu. Mtaalamu wa usingizi hupunguza dawa katikati ya upasuaji, jeraha likiwa wazi, kisha humwita mgonjwa kwa jina: finya mkono wangu, haya, chezesha vidole vya mguu. Vidole vikicheza, usingizi unarudishwa na kazi inaendelea. Mikono ikifinya lakini miguu isisogee, fimbo zinalegezwa palepale. Mgonjwa hufanyishwa zoezi hilo siku moja kabla ili asishtuke, na wengi hawakumbuki chochote.

Vile vyuma ambavyo wagonjwa huviogopa, wakiuliza kama vitapata kutu au kama vitaita radi, havibebi mgongo milele. Kazi yake ni ile ya mbao za fundi anayemwaga zege: zinashikilia umbo mpaka zege ligande. Zege hapa ni mfupa uliopandikizwa, na kugandana kwake huchukua miezi. Mfupa usiposhikana, chuma chochote, hata cha gharama gani, mwishowe huchoka na kukatika. Ndiyo maana daktari hukazania mgonjwa aache sigara, kwani nikotini huuzuia mfupa kuota. Na mtu akubali jambo moja kabla ya kutia sahihi: pingili zilizounganishwa hazitakunjika tena. Unatoa unyumbufu unapewa uimara, na pingili za jirani hubeba kazi ya ziada kwa maisha yote.

Kupinda kwa upande, ambako madaktari huita skoliosi, kuna hadithi tofauti. Takriban 8 kati ya wagonjwa 10 hawajulikani chanzo chao, na wengi wao ni vijana wanaobalehe, hasa wasichana kwa ile mipindo mikubwa. Begi zito la shule halikuleta hali hiyo, wala kukaa vibaya darasani. Wazazi waache kumgombeza mtoto. Mwangalie akiinama mbele na mikono ikining'inia: upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akapimwe. Mpindo hupimwa kwa digrii, kwa njia ya John Cobb ya mwaka 1948. Chini ya digrii 25 huangaliwa tu. Kati ya 25 na 40 hivi, kwa anayeendelea kukua, mkanda mgumu wa plastiki husaidia. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa mkanda walimaliza kukua bila kufika digrii 50, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu, na waliouvaa saa nyingi zaidi kwa siku walifaidika zaidi. Ukishavuka digrii 50 mpindo huelekea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kukua, na hapo upasuaji huzungumzwa. Kwa kijana mwenye afya nyingine njema, hatari ya kujeruhiwa ugwe ni chini ya mmoja katika 100.

Hatari hiyo hupanda sana mgongo ukiachwa ufike digrii 100 na kuendelea, mapafu yakiwa yameshabanwa. Huko Accra, Ghana, hospitali ya FOCOS iliyoanzishwa na daktari Oheneba Boachie-Adjei na kufunguliwa mwaka 2012 hupokea mipindo ya namna hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Ethiopia. Kabla ya kisu, mgonjwa hufungwa pete ya chuma kwenye fuvu kwa pini, kamba hupita juu kwenye kapi, na uzito huongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hutembea na fremu yake uani, hula, husoma, huku mgongo ukivutwa na mapafu yakipata nafasi. Uvutaji huo peke yake hupunguza mpindo kwa kiasi kikubwa, na daktari hulazimika kunyoosha kidogo tu siku ya upasuaji. Kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo kituo kikuu cha upasuaji wa mgongo Tanzania. Kenya, kazi hiyo hufanyika Kenyatta na Kijabe miongoni mwa hospitali nyingine.

Kuhusu diski sina mengi, ila nayasema kwa msisitizo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapima kwa MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba nje ya mahali pake. Kwa hiyo karatasi inayosema pingili zimesagika inaweza kuwa inaeleza umri wako tu. Hata diski inapobana neva kwelikweli na maumivu kushuka mguuni, muda husaidia. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban asilimia 95 wakiwa wamepona, ingawa karibu wanne kati ya 10 waliosubiri waliishia kupasuliwa pia. Ni halali mtu kuchagua upasuaji kwa sababu hawezi kulala wala kufanya kazi. Lakini maumivu ya mgongo peke yake, yasiyoshuka mguuni, mara nyingi hayaondolewi na vyuma.

Hali moja ya diski haisubiri hata siku mbili: ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kuziba au kujitokea, miguu kulegea. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kutoka kwenye mti au kwenye bodaboda. Waliojeruhiwa ugwe wa shingo na kupasuliwa ndani ya saa 24 wamepata nafuu zaidi kuliko waliocheleweshwa, lakini mengi huamuliwa kabla ya hospitali. Kumpakia majeruhi kwenye pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, kunaweza kumalizia ugwe uliokuwa umebanwa tu. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa na shingo vishikiliwe visitikisike, ageuzwe kwa pamoja na watu kadhaa.

Baada ya upasuaji mkubwa mgonjwa huanza kukalishwa na kusimamishwa ndani ya siku chache, kwa maumivu, na mtaalamu wa mazoezi akiwa pembeni. Asiyeweza kusogeza miguu hugeuzwa kila baada ya saa mbili, maana kidonda cha kulalia kinaweza kumuua mtu ambaye mgongo wake ulitengenezwa vizuri kabisa. Hii ndiyo kazi ambayo ndugu wanapaswa kufundishwa wodini kabla ya ruhusa kutoka. Mizigo kichwani, kuchota maji na kulima huachwa mpaka eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeshikana. Homa, mshono unaotoa usaha, au mguu uliokuwa na nguvu ukianza kulegea, rudi hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.